Sapraizi ya Mama Ngina: mdogo wangu alivyoposa

Tangu ile video ya mdogo wangu akiposa pale Mama Ngina, pa kupunga upepo kando ya bahari Mombasa, izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia (na mengine ambayo si ya familia, sijui ilifikaje huko lakini Mombasa ndo ilivyo), kila nikikaa kumpaka mtu hina lazima aanze, ilikuwaje ilikuwaje, ile leso aliandika nani, na yule mzee wa kofia aliyekuwa akijifuta macho ni babake nani. Mimi nikipaka hina sipendi maneno mengi, mkono unatikisika, kwa hivyo naandika mara moja hapa nimalize. Majina sitaji. Wenyewe wanajijua.

Aliyeposa ni mdogo wangu, mimi nilikuwa komiti. Komiti nzima. Yeye kazi yake bandarini, makaratasi ya makontena, mtu wa kupanga kila kitu kwa mstari, sasa siku moja akaja kwangu na simu akanionyesha mavideo ya TikTok, vijana wa huko na huko, jua linazama, mishumaa imepangwa umbo la kopa, drone iko juu, kijana goti chini na msichana amejishika mdomo. Akanambia, "Dada, mimi nataka hivi."

Nikamuuliza, "Wataka kupeleka posa?"

"La, posa wazee wataenda na barua yao baadaye. Mimi kwanza nataka nimuulize mwenyewe, na asijue."

Huyo wifi yangu (ashakuwa wifi sasa, wacha nimwite hivyo) si mtu aliyeokotwa njiani, familia zajuana toka zamani, halati yangu alisoma madrasa moja na mamake. Ni mwalimu wa chekechea kule Kisauni. Na hao wawili kutakana kwao hakukuwa siri kwa mtu yeyote, wao tu ndo walidhani ni siri. Kwa hivyo kuhusu jibu sikuwa na wasiwasi, na hilo nalisema makusudi, manake vijana wengi wanaonifuata niwasaidie hawajafika hapo. Kinachofaa kuwa sapraizi ni siku na mahali, lile swali lenyewe mwenzio awe ashalinusa kitambo. Nimeona video za watu kwenye maduka makubwa, kijana amepiga goti katikati ya umati, watu wamezunguka na masimu juu, msichana uso umemshuka, anasema ndio ili watu watawanyike aende nyumbani. Ile kwangu mimi si ndio.

Ami yetu, ambaye ndo amesimama pahala pa marehemu baba na amefanya kazi kortini mpaka akastaafu, akatuongezea na ya sheria. Akasema Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 iko wazi, ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ila aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amegeuka anaweza kudai fidia. Halafu akamwangalia mdogo wangu juu ya miwani. "Kwa hivyo ukipiga hilo goti lako uwe washajua utainuka vipi."

Nyanya yeye alikuwa amekaa na tasbihi yake kimya, tukadhani hasikii. Akauliza jambo moja tu. "Magoti? Apigiwe nani magoti? Na alfajiri hata kuamshwa huamshiki!"

Mdogo wangu akainama. Sote tukacheka mpaka ami akavua miwani.

Lakini tatizo lenyewe halikuwa goti. Kwetu posa ni kazi ya wazee. Wanakwenda wawili watatu, baada ya isha, wamevaa kanzu, wanakaribishwa kahawa chungu na halua, wanazungumza bei ya samaki na nani amefariki na barabara gani imechimbwa tena, yaani kama hawakuja kwa lolote, mpaka mmoja wao akohoe kidogo ndo barua itoke mfukoni. Baba wa msichana anaipokea, anasema tutawajibu inshallah, wanaondoka. Jibu linakuja baadaye, na kabla halijaja kuna kitu kinafanyika ndani ya ile nyumba ambacho watu hawakitaji sana kwenye hizi hadithi, nacho ni msichana kuulizwa. Nikaha haiko bila ridhaa ya mwanamke, dini imesema hivyo, na sheria ya serikali nayo imesema ndoa ni ya hiari ya wote wawili.

Sasa ona fundo lilipo. Mdogo wangu akimuuliza binti wa watu kabla barua haijafika kwao, wazee wa kule watasema kijana huyu amepita dirishani. Barua ikitangulia, baba lazima amuulize binti yake, na akishamuuliza hakuna sapraizi tena, iliyobaki ni sherehe ya kuvalishana pete tu. Tukazungushana na hilo jambo na chai ya tangawizi mpaka birika likaisha, huyu asema ianze ile, yule asema ianze hii, mwisho ami akasema tuwache kelele, atakwenda mwenyewe azungumze na mzee mwenzake.

Alikwenda na mjomba. Mimi sikuweko, hizo si safari za wanawake, lakini mjomba hawezi kuzuia neno likapitisha usiku kwa hivyo asubuhi nilikuwa nishaambiwa yote. Ati mzee akaisoma barua pole pole, akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu. Ami akamweleza kwamba kijana ana ombi la ziada, ataka kumuuliza binti mwenyewe na iwe ghafla. Mzee akanyamaza. Mjomba akasema hapo alianza kutafuta viatu vyake kwa macho, akijua tunatolewa. Halafu mzee akasema, "Barua nimeipokea. Jibu si langu, ni la mtoto, na desturi nimuulize mimi. Nyinyi mwanambia kijana wenu ataka kumuuliza mwenyewe. Haya, hiyo kazi namwachia yeye. Lakini na mimi niweko, nisikie kwa maskio yangu."

Mimi nikisikia maneno hayo nilikaa chini wallahi. Manake mzee hakuvunja kitu. Barua imefika kwake kwanza, heshima yake iko, na binti ataulizwa kama inavyotakiwa, kilichobadilika ni mdomo utakaouliza. Sisi vijana tulikuwa tushaona ni vitu viwili vinavyopigana, posa ya wazee huku na sapraizi ya TikTok kule, kumbe katikati ya posa kulikuwa na nafasi iko wazi siku zote.

Akaweka sharti moja. Mamake binti asiambiwe mpaka siku yenyewe. "Huyo akijua leo," alisema, "kesho Kongowea nzima yajua, pamoja na wauza vitunguu."

Basi tukaanza kazi. Pete kwanza. Hapa ndo ufundi wangu ulifaa, kwa sababu mpakaji hina ana ruhusa ya kumshika mtu vidole hata saa nzima bila kuulizwa swali. Usiku wa kuamkia Idi ya Mfungo Tatu wifi alikuja kwangu kama kawaida yake, akavua pete yake ya fedha ya kidole cha pete akaiweka kwenye kisahani ili isichafuke. Nikamwambia ngoja nikabadilishe koni hii imeziba. Nikapita na kisahani jikoni, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikaikandamiza ile pete mpaka ikazama nusu, nikaitoa, nikaiosha, nikaifuta na leso, nikarudi nimebeba koni mpya na kisahani kama nilivyokitoa. Akaniuliza mbona pete inanukia sabuni? Nikamwambia ilikuwa na hina.

Kile kipande cha sabuni nikakifunga kwenye plastiki nikakipeleka kwa sonara Mji wa Kale. Yeye hakushangaa hata, akasema wanaume wengi huja na uzi, na uzi hunyooka, sabuni haidanganyi. Akapima upande wa ndani wa ile alama, akaulinganisha na chuma chake cha kupimia, akatuuliza huyu mtu vidole vyake hufura jioni? Swali zuri. Kwa joto letu hili kidole cha asubuhi si kidole cha magharibi, kwa hivyo akaiongeza kidogo sana. Mdogo wangu alitaka dhahabu ya 22 kwa sababu nyanya alishasema kitu cha chini ya hapo si dhahabu, sonara akamweleza kwa utaratibu kwamba ya 22 ni kama asilimia 91.6 dhahabu tupu na ni laini, kwa bangili yafaa, lakini pete yenye kito vile vijino vinavyoshika kito hulegea na siku moja unakuta pete iko kito hakiko. Ya 18 ni asilimia 75, iliyobaki ni madini mengine kama shaba na fedha, ndo inakuwa ngumu. Wakachukua ya 18. Nyanya hakuambiwa, na kama ananisoma hapa basi anisamehe, ila najua hasomi.

Mahali sasa. Hapo ndo tuligombana kweli kweli.

Alianza na ufuo wa Nyali, jua likizama baharini. Nikamuuliza, "Weye umezaliwa Mombasa ama umeletwa na SGR?" Bahari yetu iko mashariki! Jua hutoka baharini, na likizama lazama nyuma yako, juu ya mahoteli na minazi, ukitaka machweo juu ya maji uende Tudor ama Kilindini ama kriki ya Mtwapa. Kila siku naona watu wanaahidiana machweo ya ufuoni kwenye picha na mtu hakuinua kichwa akatazama.

Akasema basi mwezi. Hapo akawa ashaanza kutumia akili, manake mwezi mpevu hutoka baharini wakati uleule jua linapozama, na hauhitaji kutafuta popote, chukua kalenda ya msikitini angalia mwezi kumi na nne na kumi na tano. Ukichelewa siku moja nao unachelewa kama dakika 50 hivi. Lakini akataka pia kuandika maneno mchangani kwa herufi kubwa. Mwezi mpevu maana yake ni bamvua, na bamvua la kwetu maji hujaa alasiri kama saa kumi, yanagonga kuta za mahoteli, halafu yanaanza kukupwa taratibu, ukitaka mchanga mpana ungoje mpaka saa nne usiku. Binti wa watu atakuwa ufuoni saa nne usiku kwa sababu gani? Na mishumaa, msimu wa kusi? Kusi haliachi hata kiberiti.

Akaja na kivuko cha Likoni. Ati wapande feri jioni amuulize katikati ya maji. Feri ya jioni! Watu wamebanana na mikokoteni na baiskeli na mbuzi wa mtu, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, akiwa bado yuko chini na goti lake mlango unafunguka watu wanamkanyaga wakikimbilia matatu.

Mimi nilisema Mama Ngina toka mwanzo na mwisho tukarudi palepale. Sababu yangu si uzuri wa mahali, ingawa tangu parekebishwe mwaka 2019, ile Mashujaa ilipofanyiwa pale, pamekuwa pazuri. Sababu ni kwamba familia yoyote ya Mombasa ikisema Jumapili twendeni Mama Ngina tukale mihogo hakuna atakayeuliza kwa nini. Baba anakwenda, mama anakwenda, nyanya anabebewa kiti, watoto wanacheza chini ya mibuyu. Siri yako unaificha ndani ya mazoea ya watu. Na ukikaa upande wa kuelekea mnara wa taa bahari yote iko wazi mbele yako, meli zinaingia Kilindini karibu mpaka waona watu wanatembea juu yake.

Drone nikamwambia asahau. Kurusha drone Kenya lazima iwe imesajiliwa na uwe na kibali cha KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa ndege, na hapo jirani ni Ikulu ya Mombasa, hiyo sapraizi ingekuwa ya kwetu sote.

Leso ilikuja kwa bahati. Nilitaka apewe kitu mkononi badala ya maua, maua kwa upepo ule yangefika Diani. Tukaenda Biashara Street kutafuta leso yenye jina la kufaa, na nawaambia, majina ya leso karibu yote yameandikwa kwa ajili ya jirani mbaya. Tukafunua bando kwa bando. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. La. NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Mdogo wangu akairudisha haraka kama imemuunguza. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, muuzaji akatwambia hii ya mapenzi, nikamwambia sisi tunatarajia kupata.

Tukarudi mikono mitupu, mimi namsimulia nyanya, akasema mbona hamkuchukua kisutu? Na kweli, leso ya bibi harusi kwetu ni kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe, na kisutu cha asili hakina jina. Nafasi iko. Nikamuuliza tuandike nini sasa, tukaanza kutunga, mimi na halati na mdogo wangu na kalamu, maneno marefu hayo, mioyo na nyota. Nyanya akawa anahesabu tasbihi yake. Akasema bila kuinua uso, "Barua iko kwa baba, jibu liko kwako."

Hakuna aliyeongeza neno.

Fundi wa kudarizi kofia na kanzu ndo aliyeishona. Tulimpa kipande cha bafta nyeupe, akadarizi herufi kwa uzi mweusi, akakishonea pale jina linapokaa, chini ya mji (ile sehemu ya katikati ya leso) juu ya pindo, kiasi kwamba ukiitazama kwa mbali wadhani imetoka kiwandani hivyo. BARUA IKO KWA BABA JIBU LIKO KWAKO. Alidai pesa nyingi kwa herufi chache, lakini kazi ilikuwa safi.

Wiki ile nikamwita wifi nikamwambia nina mteja bibi harusi ataka ua jipya la piko na sitaki kujaribia kwake, nipe mikono yako. Akakaa. Nikampaka mpaka kwenye viwiko. Akatazama mikono yake akasema, "Wifi, hii si ya bibi harusi kabisa hii?" Nikamwambia ndo maana nikasema ya bibi harusi. Akacheka akaenda zake kufundisha watoto na ile mikono, nasikia walimu wenzake walimpigia vigelegele ofisini kwa utani tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mwezi kumi na tano. Sisi tuliswali magharibi tukafika mapema, tukashika pahala, ami na kiti chake, nyanya na kiti chake na shali mbili. Wao walikuwa watoke Kisauni, na Jumapili jioni Nyali Bridge ni ile unayoijua. Mwezi ukatoka. Mwekundu, mkubwa, ukapanda juu ya bahari na mdogo wangu amesimama autazama kama mtu aliyekosa basi. Akanambia dada, unakwenda. Nikamwambia mwezi haurudi nyuma, kaa chini utafune muhogo. Ukawa mdogo, ukawa mweupe, bado wako darajani. Kwa kweli kama tungetegemea mwezi peke yake tungekuwa tushakufa njaa na aibu.

Walipofika nilimtazama mama nikajua ashaambiwa ndani ya gari, kwa sababu mama huyo kwa kawaida huanza kusalimia tangu ng'ambo ya barabara na siku hiyo alikuwa amebana midomo, anasalimia kwa kichwa. Mzee amevaa kanzu na kofia ya vito, Mama Ngina, kula mihogo. Wifi akauliza, "Baba leo kuna nini, mbona umependeza hivi?" Akajibiwa Jumapili ni Jumapili.

Tukala. Mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, madafu, watoto wanagombania krisps. Kila mtu anangoja mdogo wangu aanze na mdogo wangu haanzi. Meli ikapita, akaanza kutueleza ile meli, ni ya makontena, rubani wa bandari hupanda toka nje ili aiingize, zile taa maana yake hivi, mkondo huu kina chake hivi. Ami akakohoa. Akaendelea, akaingia kwenye habari za winchi. Mjomba akakohoa. Wifi wa watu amekaa asikiliza kwa adabu zote, mwalimu, amezoea watoto wanaoeleza.

Nyanya ndo aliyechoka. "Wee kijana, mpe mtoto leso yake, baridi hii!"

Mdogo wangu akaitoa kwenye mfuko mkono unamtetemeka. Wifi akadhani ni ya kumfunika nyanya, akasimama aifunue ampelekee, na kusi likaichukua hapohapo, ikapigwa puu! kama tanga, binamu zangu wawili wakarukia pembe za upande wa pili wakaivuta ikasimama wima. Mwezi juu, taa za simu chini. Akaisoma kwa sauti, na akaisoma kama anavyosomea darasa lake, neno moja moja na kidole hewani. Barua. Iko. Kwa. Baba.

Hapo akageuka.

Mzee alikuwa ashaitoa. Ile barua yenyewe, kwenye mfuko wa kanzu, imekunjwa vilevile alivyoikunja siku ya kwanza. Hakusema kitu, aliinyanyua tu aione, na mkono mwingine anatafuta kitambaa cha kujifuta macho. Ndo huyo mzee wa kofia mnayemuuliza.

Wifi akarudi kusoma iliyobaki lakini haikusomeka vizuri.

Mdogo wangu akapiga goti. Mbele ya nyanya, mbele ya ami, na kanzu nyeupe, akapiga goti moja juu ya karatasi ya mihogo ya mtu na pilipili yake yote. Doa liko mpaka leo kwenye ile kanzu. Akasema aliyoyasema, mimi niko hatua mbili tu na sikusikia kwa upepo, na sikutaka kumuuliza, hayo ni yao. Mzee akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dini imesema msichana akinyamaza ndo ridhaa yake. Usione haya."

Akasema, "Baba, mimi nafundisha chekechea, kunyamaza sijui." Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Nimekubali. Na mahari nitataja mwenyewe, si hapa."

Mama akafungua mdomo ambao alikuwa ameubana toka Kisauni na vigelegele vilivyotoka pale vilifika Likoni. Magari yaliyoegeshwa yakaanza kupiga honi, watu tusiowajua wakaja kutoa mkono wa heri, mama mmoja akaninong'oneza hina kapaka nani, nikampa namba. Pete iliingia, ikakwama kidogo kwenye fundo la kidole, sonara alisema itakuwa hivyo, kisha ikapita. Mdogo wangu hakuivalisha yeye, alimpa mamake wifi akamvisha, hilo nalo walishakubaliana wazee. Mimi nimelipenda, wengine kwenye komenti wamesema limeharibu video. Ni posa yao, video ni yetu.

Njiani kurudi nyanya akauliza kipande cha pili cha leso kiko wapi. Nikamwambia kiko kabatini, tulidarizi kimoja tu. Akanitazama. "Leso hupewa doti. Mmempa mtoto wa watu kipande?" Na hilo lilimkera kuliko goti, akalirudia mpaka tukafika nyumbani, kwa hivyo kesho yake asubuhi nikakipeleka kile cha pili Kisauni kama kilivyo, bila jina.

Kimerudi wiki iliyopita. Wifi amekipeleka kwa fundi wake mwenyewe, herufi nyekundu, nzuri kuliko zetu. JIBU MSHALIPATA SASA LETENI TAREHE. Nyanya amekitundika ukumbini juu ya redio na kila mgeni anaonyeshwa.

Mahari alitaja bangili mbili za 22 na safari ya Umra, mdogo wangu amekubali bila kupepesa ila sasa hivi anafanya ovataimu mpaka usiku. Tarehe bado. Wifi anataka Disemba shule zikiwa zimefungwa, ami anasema Disemba kumbi zote zimeshikwa, na mimi nimeshawaambia waamue haraka, kwa sababu hina yangu ya Disemba nayo imeanza kujaa na sina nia ya kumrudishia mteja pesa yake kwa ajili ya ndugu.